Alan Villiers, baharia wa kamera aliyetia nanga hadi Rufiji

KAMA ingekuwa soka, Alan Villiers asingekaa nyuma ya goli na kamera yake akisubiri straika afunge. Angekuwa ndani ya uwanja, amevaa jezi, anakaba na kupanda, halafu mpira ukitoka nje kidogo anachomoa kamera, anapiga picha yake moja, anaificha, mechi inaendelea.

Ndivyo jamaa alivyofanya kazi kwa miaka mingi, ila uwanja wake ulikuwa bahari na wenzake walikuwa mabaharia wa vyombo vya matanga. Wapiga picha wengine wa enzi zake walisimama gatini au walikodi boti, wakasubiri merikebu ipite matanga yamejaa upepo, wakapata picha safi ya kutundika ukutani. Villiers alipiga za kwake akiwa huko juu mlingotini, mikono bado inauma baada ya kukunja tanga lililolowa.

Na moja ya mechi zake kubwa aliicheza huku kwetu. Lamu, Mombasa, Unguja, mpaka kwenye matope ya Rufiji.

MTOTO WA BANDARINI

Alizaliwa Melbourne, Australia, Septemba 23, 1903, mtoto wa pili kati ya sita. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa tramu, lakini pia alikuwa mshairi, na huenda ndiko mtoto alikopata mkono wa kuandika. Bahari aliipata mwenyewe. Alikua akiziangalia merikebu za milingoti mirefu zikiingia na kutoka bandarini, na alipofikisha miaka 15, umri wa vijana wa Serengeti Boys, akaondoka nyumbani kwenda kuwa mwanafunzi wa ubaharia kwenye merikebu iliyoitwa Rothesay Bay.

Mwanafunzi wa merikebu za wakati ule hakukaa darasani. Kazi ilikuwa kupanda. Mlingoti ulikuwa mrefu kuliko nguzo za taa za viwanja vingi, na juu yake kulikuwa na foromali, yale magogo ya kulala yanayobeba matanga. Upepo ukizidi, vijana walipanda usiku, mvua ikinyesha, merikebu ikilala upande, wakasimama kwenye kamba moja chini ya foromali na kuanza kulikunja tanga zito kama zulia la msikitini lililoloweshwa maji. Mabaharia walikuwa na kanuni yao: mkono mmoja ni wa chombo, mwingine wa kujishikilia. Ukitaka kupiga picha hapo, itabidi uzaliwe na mkono wa tatu.

Mwaka 1922, akiwa kwenye merikebu ya Lawhill, alipata ajali mbaya iliyomrudisha nchi kavu. Kwa mchezaji, majeraha ya namna hiyo mara nyingi ndiyo mwisho wa habari. Kwa Villiers ndiyo yaliyompa fani ya pili. Akiwa anauguza mwili, aliomba kazi kwenye gazeti la Mercury la mji wa Hobart, kisiwani Tasmania, akawa mwandishi wa habari.

Hakutulia mezani. Mwishoni mwa 1923 meli kubwa ya kuvulia nyangumi, Sir James Clark Ross, ilipita Hobart ikielekea Bahari ya Ross, kule kwenye barafu za kusini mwa dunia. Villiers akajiunga kama kibarua, akawa anaandika kila alichokiona. Habari zile zikaja kuwa kitabu chake cha kwanza. Kuanzia hapo maisha yake yakachukua mtindo mmoja: anapanda chombo kama mfanyakazi, anashuka na kitabu.

LIGI ISIYO NA KOMBE

Hapa inabidi kueleza jambo moja, maana watu wengi hudhani kuwa meli za injini zilipokuja, zile za matanga zilikufa siku hiyohiyo. Hazikufa. Hadi miaka ya 1930 zilikuwepo merikebu kubwa kama ishirini hivi zilizoendelea kubeba ngano kutoka Australia kwenda Ulaya. Sababu ni ya kibiashara tu. Upepo ni wa bure, haununuliwi kama makaa ya mawe. Mabaharia wake walikuwa vijana waliolipwa kidogo sana. Na ngano haina haraka, haiozi ikikaa baharini miezi mitatu, minne.

Tajiri mmoja wa Finland, Gustaf Erikson, ndiye aliyekuwa akinunua merikebu hizi wenzake walipokuwa wakiziuza kama chuma chakavu. Kila mwaka zilipakia ngano Australia Kusini, zikakata bahari ya kusini hadi Rasi ya Horn, ncha ya chini kabisa ya Amerika, kisha zikapanda Atlantiki hadi Uingereza au Ireland. Watu wakaanza kuhesabu siku. Nani amefika kwanza? Nani ametumia siku chache? Hapakuwa na kombe wala mwamuzi, wala zawadi ya fedha, lakini kila nahodha alijua nafasi yake kwenye msimamo.

Mwaka 1928 Villiers alikuwa baharia wa Herzogin Cecilie iliposhindana na Beatrice kutoka Port Lincoln hadi Falmouth. Herzogin Cecilie ilitumia siku 96 na kumwacha mpinzani wake kwa zaidi ya wiki mbili. Katika mpira hiyo ni saba bila. Nahodha wake alikuwa Ruben de Cloux, mtu ambaye baadaye angekuja kuwa mshirika wa Villiers kibiashara. Kitabu cha safari ile kiliuzika vizuri, na jina lake likaanza kujulikana.

Lakini kuandika peke yake hakukumtosha. Aliona kwamba merikebu hizi zinaondoka, moja baada ya nyingine, na kwamba mtu ambaye hajawahi kusimama kwenye foromali hataelewa kwa maneno matupu. Lazima aonyeshwe.

KIFO CHA RONALD WALKER

Mwaka 1929 akamshawishi mwandishi mwenzake wa Tasmania, Ronald Walker, waingie pamoja kwenye merikebu ya Grace Harwar wakiwa na kamera za sinema. Mpango ulikuwa wazi. Wataajiriwa kama mabaharia wa kawaida, watafanya zamu kama wengine, na muda wa kupumzika watautumia kupiga filamu ya safari nzima ya Rasi ya Horn, kabla merikebu za aina ile hazijaisha kabisa.

Grace Harwar ilikuwa imeshazeeka. Ilijengwa 1889 na mabaharia wake walikuwa wachache kuliko kazi. Iliondoka Wallaroo mwezi Aprili, maana yake ilikwenda kukutana na Rasi ya Horn katikati ya majira ya baridi ya kusini. Mchana mfupi, baridi ya kukata vidole, mawimbi yanapanda sitahani na kufagia kila kisichofungwa.

Kwa wapiga picha, hali ile ilikuwa mtihani juu ya mtihani. Mkanda wa filamu hautaki maji, na merikebu yote imelowa. Chumvi inaingia kwenye lenzi. Mwanga mzuri unakuja kwa dakika chache, na mara nyingi unakuja wakati uko zamu na nahodha msaidizi anakupigia kelele. Halafu dhoruba ikiwa kali kiasi cha kufaa kupigwa picha, ndiyo saa ambayo kila mkono unahitajika kwenye kamba. Villiers na Walker walikuwa wakiiba nafasi.

Kisha Walker akafa. Alikuwa juu akifanya kazi ya tanga pale foromali ilipoporomoka na kumuua. Hakuwa ameshika kamera. Alikufa akiwa baharia, kwenye zamu, akifanya kazi ambayo kijana yeyote wa merikebu ile angeweza kupangiwa asubuhi hiyo. Walimzika baharini, mwili umeshonewa ndani ya turubai la tanga kama desturi ilivyokuwa.

Fikiria hali ya Villiers. Yeye ndiye aliyekuwa na uzoefu wa merikebu, Walker alikuwa rafiki aliyemfuata. Merikebu haiwezi kugeuka, hakuna bandari karibu, bado wiki na wiki za safari mbele yao. Kamera zipo, mkanda upo, na mtu aliyekuwa ashirikiane naye yuko chini ya maji.

Akaendelea kupiga. Safari ilichukua siku 138 hadi Queenstown, Ireland, mji ambao siku hizi unaitwa Cobh. Filamu ikatoka na kuonyeshwa, kitabu kikatoka, na makala yenye picha ikachapishwa na jarida la National Geographic la Marekani, ambalo Villiers aliendelea kulifanyia kazi kwa miaka mingi. Wapo watakaosema hakupaswa kuendelea. Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini ukiziangalia picha za Grace Harwar leo, unajua zimelipiwa bei gani, na hakuna hata moja inayoonekana kama mapambo.

BINGWA WA SIKU 83

Mwaka 1931 Villiers aliamua kupanda daraja, kutoka mchezaji hadi mmiliki. Yeye na de Cloux waliingia ubia wa kununua Parma, merikebu ya milingoti minne yenye uwezo wa kubeba zaidi ya tani 5,000 za ngano. De Cloux akawa nahodha. Mwaka 1932 Parma iliongoza mashindano ya ngano kwa siku 103. Mwaka uliofuata ikafanya maajabu: Port Victoria hadi Falmouth kwa siku 83. Wenzao walikuwa wanafurahi wakikaribia siku 100. Rekodi ile haikuvunjwa hadi mashindano yenyewe yalipokufa.

Picha za Parma ndizo zinazopendwa zaidi na watu wa matanga, na si ajabu. Kwenye Grace Harwar alikuwa kibarua anayeiba dakika. Kwenye Parma alikuwa sehemu ya wenye mali, akaweza kuchagua saa yake. Zipo alizopiga kutoka juu kabisa, sitaha inaonekana nyembamba kama jani la mnazi, povu pande zote mbili. Zipo za mabaharia wamejipanga kwenye foromali, matumbo yamelalia mti, mikono inavuta tanga. Ukitazama kwa makini utaona kwamba katika nyingi ya hizi upeo wa bahari umepinda. Haukupindishwa kwa mbwembwe. Aliyepiga alikuwa amepinda pia.

Raha ya matanga unaiona kwenye picha za siku tulivu. Vijana wamelala juu ya mfuniko wa ghala, mmoja anashona tanga, mwingine anafua. Hakuna moshi, hakuna mngurumo wa injini, tani 5,000 zinasonga kwa pumzi ya Mungu tu. Aliyewahi kusafiri na jahazi kutoka Bagamoyo hadi Unguja upepo ukiwa mzuri anajua ukimya ule.

Mwaka 1934 akafanya jambo ambalo mhasibu yeyote angemkataza. Alinunua merikebu ndogo ya mafunzo ya Denmark iliyojengwa 1882, akaipa jina la mwandishi aliyempenda, Joseph Conrad, akajaza vijana na kuizungusha dunia. Waliondoka Ipswich, Uingereza, Oktoba 1934 na kumaliza New York Oktoba 1936, zaidi ya maili 57,000. Kimchezo ulikuwa ushindi mkubwa. Kifedha alimalizika. Ilibidi auze merikebu kulipa madeni, na hadi leo imehifadhiwa Mystic, jimbo la Connecticut, Marekani. Ndoa yake ya kwanza nayo ilivunjika mwaka huohuo wa 1936.

KASKAZI LAMLETA PWANI

Hapo ndipo Villiers, akiwa na miaka 35, hana merikebu wala hela, alipoanza kuangalia upande wetu wa dunia. Aliona kwamba merikebu za Ulaya zimebaki za kuhesabu vidoleni, lakini katika Bahari ya Hindi kulikuwa na mamia ya vyombo vya matanga vinavyofanya biashara kila mwaka bila kumwomba mtu ruhusa. Majahazi ya Waarabu. Kaskazi likianza yanashuka Afrika Mashariki, kusi likigeuka yanarudi Ghuba. Na karibu hakuna mgeni aliyekuwa amefanya safari nzima na mabaharia wake na kuiandika.

Mwaka 1938 akafika Aden. Kwanza alijaribu Bahari ya Shamu kwenye chombo kidogo, kisha, kwa msaada wa familia ya wafanyabiashara wa Kuwait, akapata nafasi kwenye bumu lililoitwa Bayan, chini ya nahodha Ali bin Nasser al-Najdi. Desemba wakang'oa nanga.

Watu wa Pwani hawahitaji kuelezwa bumu ni nini, ila kwa wa bara: ni jahazi kubwa lililochongoka mbele na nyuma, mlingoti umeinama kuelekea omo, na tanga kubwa la pembetatu linaloning'inia kwenye foromali ndefu. Kwa mtu aliyelelewa na merikebu za matanga ya mraba, ilikuwa kama kocha wa Ulaya kutua ligi ambayo hajui kanuni zake. Hakuna ngazi za kamba za kupandia, mtu anakwea kamba kwa mikono na vidole vya miguu. Kupandisha tanga ni kazi ya mabaharia wote kwa pamoja, wanavuta henza kwa nyimbo na kupiga miguu sitahani. Nahodha Najdi alikwenda kwa dira na kwa kichwa chake, anaijua pwani nzima kama mtu anavyoujua mtaa aliozaliwa.

Villiers hakupewa chumba. Alilala kwenye benchi juu sitahani karibu na tezi, pamoja na nahodha na wafanyabiashara, jua juu yake mchana, umande usiku. Alikula wali na samaki kwenye sinia moja na wenzake.

Bumu lilibeba pia abiria kutoka Hadhramaut, waliopakiwa kama dagaa, wakienda kutafuta maisha Afrika. Bandari ya Shihr ndiyo iliyowapa jina ambalo Waswahili wanalitumia hadi kesho: Washihiri. Wale wauza kahawa na wenye vijiduka waliojaa miji ya Pwani, wengi wao au baba zao walikuja hivyo, wamekaa sitahani juu ya mizigo, miguu imekunjwa wiki nzima. Villiers aliwapiga picha wakiwa njiani, kabla hawajawa babu za watu.

Walipita Mogadishu, wakaingia Lamu, wakashuka Mombasa, kisha Unguja. Wakati wa kaskazi majahazi ya Ghuba yalijaa kule Malindi, mtaa uleule uliokuja kuipa jina timu ya Malindi. Baharia wa bumu hakuwa mwajiriwa tu. Kila mmoja alikuwa na sanduku lake na vitu vyake vya kuuza, na mengine yalipita bila forodha kujua. Najdi alijua, akafumba macho. Bila hivyo mabaharia wasingeweza kuishi, maana hawakuwa na mshahara. Mwisho wa safari faida iligawanywa mafungu, na kabla ya fungu kumfika mtu, deni lake linakatwa. Baharia anadaiwa na nahodha, nahodha anadaiwa na mfanyabiashara, na deni linahama naye mwaka hadi mwaka. Villiers alilipenda bumu, lakini hilo hakulificha.

BORITI ZA RUFIJI

Kutoka Unguja wakaelekea kusini, hadi delta ya Rufiji, eneo ambalo leo ni wilaya ya Kibiti. Kilichowapeleka huko ni boriti za mikoko. Kuwait haina misitu. Nyumba yake ya zamani ilijengwa kwa udongo na mawe, na paa lililala juu ya boriti kutoka huku kwetu. Ndiyo maana vyumba vya zamani vya Ghuba vina upana unaolingana. Urefu wa mkoko wa Rufiji ndio uliopima sebule ya Mkuwaiti.

Delta ya Rufiji ilikuwa na sifa yake tayari. Manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilizamishwa humo mwaka 1915 baada ya kujificha kwenye mikondo yake kwa miezi. Bumu nalo liliingia kwenye mikondo hiyohiyo, likakaa wiki kadhaa. Hapo raha ya matanga iliisha. Mabaharia waliokuwa wakiimba Unguja sasa walikuwa wamezama matopeni hadi magotini, wanakokota boriti kutoka msituni kusubiri maji yajae, wanazipakia korija baada ya korija. Mbu usiku, jua mchana, homa ikazunguka chomboni.

Hakuna tanga lililojaa upepo huko, hakuna povu wala machweo. Mpiga picha mwingine angesubiri Unguja, kwenye kivuli cha Forodhani, akarudi chombo kikitoka. Villiers alikaa. Kwa mtazamo wa mtu anayefuatilia kazi yake yote, wiki zile za Rufiji zina thamani kuliko picha yoyote ya Parma ikikata mawimbi, kwa sababu zinaonyesha bumu linaishi kwa nini. Upepo ulikuwa bure, kama ulivyokuwa wa ngano ya Australia. Mgongo wa baharia ndio uliolipa nauli.

Bayan ikarudi na kusi, ikapita Muscat na Bahrain hadi Kuwait, katikati ya 1939. Villiers akabaki huko kiangazi kizima akiwafuata wazamiaji wa lulu, watu waliokuwa na madeni makubwa kuliko hata mabaharia, huku lulu za kufugwa za Wajapani zikiwa zimeshaangusha bei. Kitabu cha safari hiyo, Sons of Sindbad, kilitoka 1940.

Kuna jambo ambalo hakuna aliyekuwa sitahani angeweza kulijua vizuri wakati ule. Mwaka 1938, mwaka uleule Villiers alipopanda bumu, mafuta yaligunduliwa Burgan, Kuwait. Vita ilichelewesha mambo, lakini mwaka 1946 meli ya kwanza ya mafuta ikaondoka, na vijana wa Kuwait hawakuwa na sababu tena ya kwenda kukokota boriti Rufiji. Villiers alikuwa amefika dakika za nyongeza.

KIPINDI CHA PILI

Vita ya Pili ya Dunia aliipigana kwenye jeshi la majini la Uingereza, akiongoza vyombo vya kushushia askari ufukweni, ikiwemo Sicily na Normandy, akatunukiwa nishani ya Distinguished Service Cross. Alimuoa Nancie Wills mwaka 1940, wakapata watoto watatu na kuweka makazi Oxford.

Baada ya vita hakustaafu. Mwaka 1950 alikwenda na Wareno kwenye chombo cha Argus kuvua chewa hadi Greenland, ambako kila mvuvi alishushwa peke yake kwenye kiboti kidogo asubuhi na kuokotwa jioni, kama ameonekana. Akaendesha merikebu iliyotumika katika filamu ya Moby Dick. Mwaka 1957 akawa nahodha wa Mayflower II, nakala ya merikebu ya karne ya 17, akaivusha Atlantiki kutoka Plymouth ya Uingereza hadi Plymouth ya Marekani kwa tanga tupu, watu 33 ndani, karibu miezi miwili. Watu walidhani ni utani wa watalii. Alifika.

Villiers alifariki Oxford Machi 3, 1982, akiwa na miaka 78. Picha zake zipo katika Makumbusho ya Taifa ya Bahari, Greenwich, London, na zile za safari ya Bayan zilitolewa kitabu chake peke yake mwaka 2006.

Najdi hakusubiri hadi hapo. Aliacha safari za mbali mafuta yalipoingia, lakini bahari hakuiacha. Mwaka 1979, akiwa mzee, alitoka kwenda kuvua samaki pwani ya Kuwait, dhoruba ikamkuta, na hakurudi.